Kabla Hujaomba Kadi ya Bangi ya Tiba Pennsylvania

Kadi ya bangi ya tiba inayotolewa na jimbo la Pennsylvania inakuruhusu kuingia katika duka lenye leseni ya jimbo na kununua. Nguvu yake inaishia ndani ya sheria ya jimbo. Mbele ya afisa wa uhamiaji haikusaidii kitu, na inaweza kukuangusha. Naanza na hilo kwa sababu Waswahili wengi wa Erie, Lancaster, Harrisburg na Pittsburgh wanaoniuliza habari za kadi hii huuliza kwanza ada ni shilingi ngapi, maana yake dola ngapi, na daktari gani ni mwepesi. Swali la kwanza lingepaswa kuwa jingine: wewe ni raia wa Marekani, au bado?

Pennsylvania ilihalalisha bangi ya tiba kwa Sheria Namba 16 ya mwaka 2016, iliyotiwa saini na Gavana Tom Wolf mwezi Aprili mwaka huo, na maduka yakaanza kuuza Februari 2018. Lakini mwaka 1970 sheria ya serikali kuu iliiweka bangi katika Daraja la Kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi Daraja la Tatu, na vijiweni watu wakaanza kusema mambo yamekwisha. Mwenye makaratasi ya uhamiaji asishangilie. Sheria ya uhamiaji haiulizi daraja. Dawa yoyote iliyo katika orodha ile ya madaraja matano inahesabika kuwa dawa inayodhibitiwa, na kushushwa daraja si kutolewa katika orodha.

Basi kwa asiye raia, yaani mwenye grini kadi, mkimbizi, aliyepewa hifadhi, mwanafunzi au mwenye ombi linalosubiri, ushauri wangu ni mgumu: usiombe kadi hii kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo unaosema waziwazi kwamba kutumia bangi kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia akose sifa ya mwenendo mwema, hata kama jimbo lake linaruhusu. Mwongozo huohuo unagusa ajira. Kijana anayefurahia kazi ya saa nzuri kwenye duka la bangi, yenye leseni na stakabadhi ya mshahara, anaweza kujikuta siku ya mahojiano akieleza kwa nini alikuwa akiuza dawa za kulevya machoni pa serikali kuu.

Jambo ambalo watu hawaamini hadi liwapate ni kwamba si lazima uwe umehukumiwa. Kukiri tu kwa afisa kwamba ulimiliki au ulitumia bangi kunaweza kutosha kukuzuia kuingia nchini au kupata grini kadi. Mtu anaulizwa kwa upole kwenye uwanja wa ndege, au na daktari anayefanya uchunguzi wa afya wa uhamiaji, naye anajibu kwa fahari, «Ndiyo, lakini nina kadi ya daktari.» Ameshakiri. Kudanganya nako ni kosa jingine, pengine zito zaidi, kwa sababu kusema uongo kwa afisa wa uhamiaji kunafunga milango mingine. Ndiyo maana neno la wakili linatakiwa lije kabla ya swali la afisa. Kama huna fedha za wakili, yako mashirika yenye wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji kwa ada ndogo. Usimwendee yule bwana wa mtaani anayejaza fomu za kila kitu, kuanzia kodi hadi talaka.

Na aliye na grini kadi ambaye tayari ana kadi ya bangi, na ameitumia? Asikimbilie kuichana, kwa kuwa kuichana hakufuti yaliyopita. Asiihuishe, na asisafiri nje ya nchi wala asipeleke ombi la uraia mpaka wakili ameangalia tarehe zake. Kwa kawaida mwenendo unaoangaliwa ni wa miaka 5 kabla ya ombi, au miaka 3 kwa anayeomba kwa njia ya ndoa na raia, ingawa afisa anaweza kutazama nyuma zaidi. Kusubiri miaka michache ni kuchungu, ila kuna watu ambao wakili huwaambia hivyohivyo. Picha zako na chupa ya mafuta ya bangi kwenye simu na mitandao, ziondoke.

Liko pia fumbo ambalo halina jibu zuri. Mawakili wengi wa uhamiaji huwaambia wateja wasio raia wasitembee na bangi wala kadi. Sheria ya Pennsylvania inamtaka mgonjwa awe na kadi yake kila anapokuwa na bidhaa hiyo. Huwezi kutii yote mawili na bado ukatoka dukani na dawa mkononi. Mimi nasoma humo kwamba kwa asiye raia njia hii haikutengenezwa kwa ajili yake, na ni afadhali atafute nyingine.

Njia nyingine zipo, na madaktari wachache huzitaja wasipoulizwa. Ziko dawa zilizopitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, zenye viini vya bangi au vinavyofanana navyo, zinazoandikwa na daktari wa kawaida na kuchukuliwa katika famasi ya kawaida. Dronabinol imekuwa sokoni tangu miaka ya 1980. Hutumika kwa kichefuchefu cha tiba ya saratani na kwa kukosa hamu ya kula kwa wagonjwa wa UKIMWI. Nabilone nayo ni ya kichefuchefu cha tiba ya saratani. Epidiolex ilipitishwa mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanza utotoni, na 2020 ikaongezewa ugonjwa mwingine. Hizi ni halali kwa sheria ya serikali kuu kwa mtu aliyeandikiwa, na bima inaweza kuzilipia, jambo ambalo bima haifanyi kwa bangi ya dukani. Hazitibu kila kitu. Lakini mama mwenye grini kadi ambaye mwanawe ana kifafa anastahili kumuuliza daktari wa mishipa ya fahamu kuhusu Epidiolex kabla hajasikia neno la duka.

Sasa nageukia kwa raia, kwa kuzaliwa au kwa kuapishwa.

Pennsylvania haikubali kila maumivu. Kuna orodha ya magonjwa mazito, na humo yamo mengi yanayotugusa: saratani, maambukizi ya VVU na UKIMWI, kifafa, glakoma, Parkinson, usonji, maumivu makali ya muda mrefu, uraibu wa dawa za afyuni, na selimundu. Imo pia PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe ambao wengi waliopita Kivu au kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma wanaubeba bila kuuita kwa jina. Mwaka 2019 ziliongezwa hofu iliyozidi kiasi na ugonjwa wa Tourette. Kama ugonjwa wako haumo, hakuna daktari anayeweza kukusaidia kihalali, na anayekuahidi kinyume anataka fedha yako tu.

Mpangilio wa hatua ni huu, na kuuvuruga ndiko kunakochelewesha watu. Kwanza unajisajili mwenyewe katika sajili ya wagonjwa ya Idara ya Afya ya jimbo, kwenye intaneti. Halafu unamwona daktari aliyeidhinishwa na idara hiyo, naye anaingiza uthibitisho wake katika sajili hiyohiyo. Baada ya hapo unarudi, unalipa ada ya dola 50, na kadi inakuja kwa posta. Anayekuuzia kadi moja kwa moja kwa barua pepe, au «kadi ya maisha», ni tapeli. Kadi hutolewa na Idara ya Afya peke yake, na hakuna ya maisha.

Usajili unaonekana mwepesi hadi ufike kwenye jina. Sajili inalinganisha taarifa zako na leseni ya udereva au kitambulisho cha PennDOT, idara ya uchukuzi ya jimbo. Sasa angalia makaratasi ya mtu wetu wa kawaida. Shuleni aliandikwa kwa majina matatu, kambini jina la baba likawekwa mbele, ubalozini likakatwa moja, na siku ya kuapa uraia akachagua kurudisha la babu. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1, kama ya mke wake, kaka zake na nusu ya jirani zake. Jaza sajili kama kitambulisho chako cha PennDOT kinavyosema, herufi kwa herufi, hata kama unajua kimekosea. Ukitaka kurekebisha jina, anzia kwenye kitambulisho, kisha uje kwenye sajili. Anwani nayo inatazamwa. Sheria ya jimbo inataka uijulishe PennDOT ndani ya siku 15 ukihama, na sisi tunahama sana: mkataba umeisha, kodi imepanda, binamu amefika na watoto sita. Kadi ikitumwa kwenye nyumba ya zamani, utaitafuta.

Daktari haandiki dawa ya bangi kama anavyoandika amoksilini. Anathibitisha kwamba una ugonjwa ulio katika orodha na kwamba bangi inaweza kukufaa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, mazungumzo hayo yanaweza kufanyika kwa simu au video. Ada yake ni juu yako, bima hailipi, na bei zinatofautiana mno. Piga simu kwa watatu kabla hujaamua, na uliza kama ada hiyo ni ya mwaka mzima au ya uthibitisho wa miezi michache, kwani daktari ana uhuru wa kukupa muda mfupi kuliko mwaka. Uliza pia kama utarudishiwa fedha asipokuthibitisha.

Peleka kumbukumbu zako za hospitali. Daktari wako wa kila siku anaweza asiwe katika orodha ya walioidhinishwa, na huyo mpya hakujui. Barua yenye jina la ugonjwa, orodha ya dawa unazotumia na vipimo vya karibuni vinatosha kwa mazungumzo ya maana. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupatia mkalimani bila malipo. Kampuni ndogo zinazofanya kazi ya kuthibitisha tu huenda zisiwe na mkalimani wa Kiswahili kabisa, basi uliza kabla ya kulipa. Usimkalishe binti yako wa miaka 13 akutafsirie habari za jinamizi lako la usiku. Kuna mambo mzazi hatayasema mbele ya mwanawe, na hayo ndiyo daktari anayahitaji.

Na umwambie ukweli wote. Kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua akili hadi kusikia sauti, sema, kwa kuwa bangi yenye THC nyingi, yaani kile kiini kinacholewesha, inaweza kuamsha hali hiyo. Kama una mimba au unanyonyesha, sema. Kama unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, sema, kwa sababu kiini cha CBD kinaweza kuongeza nguvu yake hadi utoke damu. Mwenye selimundu asiache hydroxyurea, na mwenye VVU asiache dawa za kufubaza, eti kwa sababu sasa amepata bangi. Bangi inaweza kupunguza maumivu, lakini haifanyi kazi ya dawa hizo.

Kuhusu ile ada ya dola 50, wanaopokea misaada ya jimbo kama Medicaid, SNAP au WIC huweza kupata unafuu. Uliza kabla hujalipa. Dukani hakuna unafuu wa bima, na kwa kuwa benki nyingi na kampuni za kadi za mikopo zinaogopa sheria ya serikali kuu, chukua fedha taslimu au kadi ya benki ya kawaida.

Dukani utakuta vidonge, mafuta, matone, krimu na maua makavu. Maua yanaruhusiwa kwa kuvutwa kama mvuke kwa kifaa maalumu. Kuyawasha moto na kuyavuta kama sigara ni kuvunja sheria ya jimbo, ingawa mtu mzima aliyezoea ya zamani atacheka akisikia. Kupanda mche nyumbani hakuruhusiwi, hata mmoja. Usimgawie mtu, hata shemeji anayelia mgongo. Acha bidhaa katika kifungashio chake chenye lebo, juu, mahali mtoto hafiki. Anza na kipimo kidogo kabisa, hasa cha vidonge na matone, kwani kinachomezwa huchelewa kuingia na mtu huongeza cha pili kabla cha kwanza hakijafanya kazi. Omba kuzungumza na mfamasia wa duka. Muuzaji wa kaunta anajua bidhaa zake, lakini hajui moyo wako wala figo zako.

Kuhuisha ndiko wengi wanakokwama, na si kwa uzembe. Kuna tarehe mbili, ya uthibitisho wa daktari na ya kadi yenyewe, na si lazima ziishe siku moja. Ziandike zote mbili ukutani. Taarifa ya ukumbusho huja kwa barua pepe, kwa kawaida miezi miwili hivi kabla kadi haijaisha. Barua pepe ipi? Mara nyingi ni ile aliyokufungulia msaidizi wa shirika la wakimbizi wiki ulipofika, yenye nywila asiyoikumbuka mtu yeyote. Kabla ya jambo jingine lolote, hakikisha sajili ina anwani ya barua pepe unayoifungua mwenyewe. Halafu fuata mpangilio uleule: angalia anwani yako PennDOT, mwone daktari akuthibitishe upya, ndipo ulipe. Uthibitisho mpya ukikosekana, hakuna kadi mpya. Panga miadi mara tu ukumbusho unapofika, maana kadi ikiisha duka halikuuzii, na kilichobaki kabatini kinakuwa hakina tena ulinzi wa sheria ya jimbo.

Kuhuisha pia ni nafasi ya kuuliza kama dawa imesaidia. Andika kwenye daftari usingizi wako, siku za maumivu, na vidonge vya maumivu ulivyopunguza. Ukifungua daftari baada ya mwaka ukakuta umetumia fedha nyingi na maumivu ni yaleyale, una haki ya kutohuisha. Wenye maduka hawatakukumbusha hilo.

Mgonjwa aliye chini ya miaka 18 lazima awe na mlezi aliyesajiliwa, kwa kawaida mzazi, mwenye miaka 21 au zaidi, anayechukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa rekodi ya jinai. Mlezi asiye raia anarudi kwenye onyo la mwanzo: mgonjwa ni mtoto, lakini anayeshika bangi ni yeye. Kama katika nyumba kuna shangazi au kaka mkubwa ambaye ni raia, familia ikae izungumze.

Kuhusu kazi, sheria ya jimbo inamkataza mwajiri kukufukuza kwa sababu tu umesajiliwa kuwa mgonjwa. Haimlazimishi kuvumilia uingie zamu ukiwa umelewa. Na iko kazi moja ambayo ulinzi huo hauigusi, nayo ndiyo inayolisha familia zetu nyingi: lori. Dereva mwenye leseni ya CDL anapimwa kwa kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya serikali kuu, na kadi ya jimbo si utetezi. Akikutwa na bangi kipimoni, jina lake linaingia katika kanzidata ya taifa iliyoanza Januari 2020, na kila kampuni inayotaka kumwajiri italiona. Dereva wa lori mwenye maumivu ya mgongo atafute fiziotherapia.

Hata kwenye gari dogo la nyumbani kuna mtego. Sheria ya Pennsylvania ya kuendesha ukiwa umelewa inakamata kiasi chochote cha bangi ya Daraja la Kwanza au mabaki yake katika damu, na mabaki hukaa siku nyingi baada ya ulevi kuisha. Mgonjwa halali, akili timamu, anaweza kushtakiwa. Anayeitumia kila siku apange nani atamwendesha. Anayeishi katika nyumba ya ruzuku ya serikali kuu asome mkataba wake kabla, kwa kuwa nyumba hizo zinafuata sheria ya Washington, na mwombaji mpya anayetumia bangi anaweza kukataliwa.

Mwisho ni safari. Viwanja vya ndege viko chini ya sheria ya serikali kuu. Kupita nayo mpaka wa Kanada ni kosa pande zote mbili, ingawa Kanada iliihalalisha mwaka 2018. Kenya ina sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994, Tanzania ina ya 2015, na kadi ya Pennsylvania haijulikani huko. Wengi wetu tunapitia Dubai au Doha, ambako hata masalia kwenye begi yanaweza kukuweka ndani. Kwa hiyo kama kuna harusi Nairobi au msiba Goma, mwone daktari mapema mpange utakavyokaa wiki hizo bila bangi na dawa gani ya famasi utaishika badala yake. Begi lililowahi kubeba chupa zile liache nyumbani, uazime jingine.